Ushuru wa kaboni Ulaya: Maana yake kwa mkulima wa Kisii na Nyamira

TANGU Januari 1, 2026, chuma, saruji, aluminiamu, mbolea, hidrojeni na umeme unaoingia katika mataifa 27 ya Muungano wa Ulaya haupimwi tena kwa uzito na thamani pekee. Hupimwa pia kwa kiasi cha gesi ya kaboni iliyotoka viwandani wakati wa kuutengeneza. Kila tani ya gesi hiyo ina bei, na anayeagiza bidhaa ndiye anayetakiwa kuilipa.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira hakuna kiwanda cha kuyeyusha chuma wala cha saruji kinachouza bidhaa zake Ulaya. Kinachotoka katika vilima hivyo ni majani chai, kahawa, maparachichi, ndizi na vinyago vya mawe laini ya Tabaka. Hata hivyo, kila mara mataifa tajiri yanapotangaza ushuru mpya, mkulima wa mashinani huwa na sababu ya kuuliza iwapo mzigo huo hatimaye utatua mgongoni mwake.

Jibu fupi ni kwamba majani chai hayatozwi, na ni vigumu kuona yatakavyoingizwa katika orodha hiyo. Jibu kamili ni refu kidogo, kwa sababu zipo njia nyingine ambazo bei ya kaboni ya Ulaya hupitia hadi kufika katika shamba la ekari moja huko Nyamache au Kebirigo.

Bei ya kaboni ni nini?

Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia vinapochomwa hutoa gesi ya kaboni, ambayo hukusanyika angani na kuzidisha joto duniani. Kwa miaka mingi, mwenye kiwanda alilipia makaa aliyoyachoma lakini hakulipia moshi alioutoa. Hasara ya moshi huo, iwe ukame, mafuriko au mvua isiyotabirika, iliwaangukia watu wengine.

Wanauchumi walipendekeza njia mbili za kurekebisha hali hiyo. Ya kwanza ni kodi ya kaboni, ambapo serikali hupanga kiasi cha fedha kitakacholipwa kwa kila tani ya gesi. Finland ilianza kutoza kodi hiyo mwaka wa 1990, ikafuatwa na Sweden mwaka wa 1991. Barani Afrika, Afrika Kusini ilikuwa ya kwanza, mnamo Juni 1, 2019.

Njia ya pili ni soko la vibali. Serikali huweka kikomo cha gesi inayoruhusiwa kutolewa kwa mwaka, kisha hutoa vibali vinavyolingana na kikomo hicho. Kiwanda kinachotoa tani moja ya gesi hulazimika kuwasilisha kibali kimoja. Vibali hivyo vinaweza kununuliwa na kuuzwa, na kila mwaka idadi yake hupunguzwa.

Chukua mfano wa viwanda viwili. Cha kwanza kinaweza kupunguza tani moja ya gesi kwa gharama ya Euro 30, ilhali cha pili kitahitaji Euro 120 kwa kazi iyo hiyo. Ikiwa kibali kinauzwa kwa Euro 80, kiwanda cha kwanza kitaona faida kupunguza moshi na kuuza kibali kilichobaki, nacho cha pili kitaona afadhali kununua. Jumla ya moshi haizidi kikomo, na kazi ya kuupunguza hufanywa kwanza pale ilipo rahisi.

Soko la Ulaya lilivyoanza

Muungano wa Ulaya ulichagua njia hiyo ya pili. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2003 na soko likafunguliwa Januari 2005, likihusisha mitambo ya umeme na viwanda vikubwa vya chuma, saruji, karatasi, vioo na kadhalika. Soko hilo lina takriban viwanda na mitambo 10,000, na hugusa karibu asilimia 40 ya gesi yote chafu inayotolewa katika mataifa hayo. Kiwanda kisichowasilisha vibali vya kutosha hutozwa faini ya zaidi ya Euro 100 kwa kila tani.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Serikali ziligawa vibali vingi kuliko moshi uliokuwepo, na bei iliyokuwa imefikia Euro 30 mnamo Aprili 2006 ikaporomoka hadi karibu sufuri kufikia mwisho wa 2007. Msukosuko wa kiuchumi wa mwaka wa 2008 ulifunga viwanda vingi na kuacha vibali vya ziada kwa miaka mingi iliyofuata.

Mageuzi ya baadaye, yakiwemo ya mwaka wa 2019 yaliyoondoa sehemu ya vibali vya ziada sokoni, ndiyo yaliyoipa bei nguvu. Mnamo Februari 2023 kibali cha tani moja kilivuka Euro 100 kwa mara ya kwanza, kabla ya bei kushuka tena. Kufikia mwaka wa 2023, gesi kutoka kwa mitambo na viwanda vilivyo katika soko hilo ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 47 ikilinganishwa na mwaka wa 2005. Lengo ni asilimia 62 ifikapo mwaka wa 2030.

Sehemu kubwa ya mafanikio hayo imetokana na umeme, ambapo makaa ya mawe yamezipisha nguvu za upepo na jua. Viwanda vya chuma, saruji na kemikali vimepunguza moshi wao kwa mwendo wa polepole zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba, kwa miaka mingi, vilipewa sehemu kubwa ya vibali vyao bila malipo.

Ushuru wa mpakani ulikotoka

Vibali vya bure vilitolewa kutokana na hofu moja. Ikiwa kiwanda cha chuma cha Ujerumani kitalipia moshi ilhali mshindani wake wa nchi nyingine halipi chochote, wanunuzi watamkimbilia mshindani huyo. Kiwanda cha Ulaya kitafungwa, wafanyakazi watapoteza ajira, na moshi utaendelea kutoka, ila tu katika nchi nyingine.

Lakini kiwanda kinachopewa vibali bure hakina haraka ya kubadilisha mitambo yake. Ndipo Muungano wa Ulaya ukaamua kuondoa vibali vya bure hatua kwa hatua, na badala yake kuwatoza waagizaji wa bidhaa za nje bei inayolingana na ile wanayolipa wenye viwanda wa ndani. Sheria hiyo ilianza kutumika Mei 2023. Kuanzia Oktoba 1, 2023 hadi mwisho wa 2025, waagizaji walitakiwa kutoa taarifa tu bila kulipa. Malipo yanahesabiwa kwa bidhaa zilizoingia tangu Januari 2026, na uuzaji wa vyeti vya kulipia utaanza Februari 2027.

Ushuru huo hautapanda kwa ghafla. Mwaka wa 2026, viwanda vya Ulaya vilivyo katika sekta hizo vinabakiwa na asilimia 97.5 ya kinga ya vibali vya bure, kwa hiyo mwagizaji naye atalipia sehemu ndogo tu. Mwaka wa 2030 kinga hiyo itakuwa asilimia 51.5, na mwaka wa 2034 itakwisha kabisa.

Tani moja ya chuma kilichotengenezwa kwa tanuri la makaa ya mawe hutoa takriban tani mbili za gesi ya kaboni. Bei ikiwa Euro 80, mzigo kamili baada ya 2034 utakuwa karibu Euro 160 kwa kila tani ya chuma. Hicho ni kiasi kinachoweza kumfanya mnunuzi abadilishe anakonunua.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika sheria hiyo. La kwanza ni kwamba mwagizaji ambaye jumla ya bidhaa zake haizidi tani 50 kwa mwaka amesamehewa, kufuatia marekebisho ya mwaka wa 2025. La pili, na lenye uzito zaidi, ni kwamba bei ya kaboni iliyokwisha kulipwa katika nchi bidhaa ilikotengenezwa hukatwa kutoka kwa ushuru huo. Nchi inayotoza kaboni nyumbani hubaki na fedha zake, ilhali ile isiyotoza huziachia hazina ya Ulaya.

Kwa sababu hiyo, mataifa kadhaa yameharakisha mipango yao. China, ambayo soko lake la kitaifa lilianza na mitambo ya umeme mwaka wa 2021, ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba viwanda vya chuma, saruji na aluminiamu vitaingizwa pia. Uturuki ilipitisha sheria yake ya tabianchi mwezi Julai 2025. Urusi ilichukua njia tofauti na kuwasilisha malalamishi kwa Shirika la Biashara Duniani mwaka huohuo.

Kwa nini majani chai hayamo

Ushuru wa mpakani ni kivuli cha soko la vibali la ndani. Hutozwa bidhaa ambayo mtengenezaji wake wa Ulaya naye analipia kaboni. Kilimo hakimo katika soko hilo, na mkulima wa Ufaransa au Poland hanunui kibali kwa ajili ya shamba lake. Kuwatoza wakulima wa nje kwa jambo ambalo wa ndani hawatozwi kungekuwa ubaguzi wa waziwazi chini ya kanuni za biashara duniani.

Hata mapendekezo ya Desemba 2025 ya kupanua orodha hiyo kuanzia 2028 yalihusu bidhaa zinazoundwa kwa chuma na aluminiamu, kama vile vifaa na mashine. Chakula na vinywaji havikutajwa. Uingereza nayo imepanga kuanzisha ushuru wake Januari 1, 2027, na orodha yake ni ya aluminiamu, saruji, mbolea, hidrojeni na chuma.

Jambo hili ni muhimu kwa kaunti hizi mbili. Viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe na Gianchore huko Nyamira, pamoja na Kiamokama, Nyamache, Ogembo na Itumbe huko Kisii, hupeleka majani chai yake katika mnada wa Mombasa. Wanunuzi wakubwa ni Pakistan, Misri, Uingereza na Milki za Kiarabu. Ushuru wa Brussels hauwahusu wengi wao, na hauigusi bidhaa yenyewe.

Taifa ambalo hutajwa mara kwa mara miongoni mwa yatakayoumia barani Afrika ni Msumbiji, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiuza Ulaya aluminiamu kutoka kiwanda cha Mozal karibu na Maputo. Kwa Kenya, hasara ya moja kwa moja ni ndogo. Mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Muungano wa Ulaya uliotiwa saini Desemba 18, 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024 unaziruhusu bidhaa za Kenya kuingia bila ushuru wa forodha, ingawa hauondoi masharti ya kaboni kwa bidhaa zilizo katika orodha.

Bei inavyofika kwa njia ya meli

Njia ya kwanza ambayo bei ya kaboni hufika Kisii na Nyamira ni bahari. Tangu Januari 2024, meli kubwa zinazotia nanga katika bandari za Muungano wa Ulaya zimeingizwa katika soko la vibali. Kwa safari inayotoka nje, kama vile Mombasa hadi Rotterdam, nusu ya gesi iliyotolewa safarini huhesabiwa. Kampuni za meli zilitakiwa kulipia asilimia 40 ya kiasi hicho kwa mwaka wa 2024, asilimia 70 kwa 2025, na asilimia 100 kuanzia 2026.

Kampuni hizo hazibebi gharama hiyo zenyewe. Huiongeza katika nauli ya kila kontena kama ada ya ziada. Maparachichi ya Kenya yaendayo Ulaya husafirishwa zaidi kwa kontena zenye majokofu, ambazo hutumia nishati nyingi kuliko kontena za kawaida. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa maeneo yanayokuza tunda hilo kwa wingi, na wakulima wengi wamepanda aina ya Hass kwa ajili ya soko hilo la nje.

Hali iliharibika zaidi kufuatia mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023. Meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Safari ikawa ndefu kwa majuma kadhaa, mafuta yakaongezeka, na pamoja nayo kaboni inayolipiwa. Baadhi ya matunda yalifika sokoni yakiwa yameiva kupita kiasi.

Mnunuzi wa Ulaya ana bei yake anayoijua, msafirishaji ana nauli yake, na wakala anayezunguka vijijini ana faida yake. Anayekubali bei iliyobaki ni mkulima. Hakuna stakabadhi anayopewa inayoonyesha ni senti ngapi za kila tunda zimekwenda kulipia kaboni ya meli, na kwa hivyo hana namna ya kujua ikiwa amekatwa kiasi cha haki.

Kahawa na ushahidi wa msitu

Njia ya pili si bei ya kaboni kwa maana kamili, lakini imezaliwa na sera zilezile. Mwaka wa 2023 Muungano wa Ulaya ulipitisha sheria inayopiga marufuku bidhaa zilizotoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Bidhaa hizo ni kahawa, kakao, ng'ombe, mawese, mpira, soya na mbao. Kuanza kwake kumeahirishwa mara mbili. Kwa sasa kampuni kubwa na za wastani zimepewa hadi Desemba 30, 2026, na zile ndogo hadi Juni 30, 2027.

Majani chai hayamo humo pia, lakini kahawa imo, na Ulaya ni mnunuzi mkuu wa kahawa ya Kenya. Kisii ina historia ndefu ya zao hilo. Mnamo miaka ya 1930, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa bado inawazuia Waafrika wengi kukuza kahawa, Kisii na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza walikoruhusiwa.

Kwa upande wa msitu wenyewe, wakulima wa Gusii hawana la kuogopa. Sensa ya mwaka wa 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa vizazi kwa vizazi hadi yakawa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Mibuni iliyopo ilipandwa kitambo katika ardhi ambayo haikuwa msitu mwaka wa 2020.

Shida iko katika ushahidi. Sheria inataka kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya setilaiti, ingawa kwa shamba la chini ya hekta nne alama moja tu inatosha. Chama cha ushirika chenye wanachama mamia kadhaa, kila mmoja akiwa na mibuni michache, kinahitaji kuwaandikisha wote. Mwenye shamba kubwa la kibiashara hufanya kazi hiyo kwa siku moja. Gharama kwa kila kilo ni kubwa zaidi pale shamba lilipo dogo zaidi, japo uharibifu wa msitu haupo kabisa.

Aidha, sheria hiyo inataka mazao yawe yametoka katika ardhi inayotumiwa kihalali kulingana na sheria za nchi. Gusii si ajabu kupata hatimiliki ambayo bado ina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita, huku wajukuu wakilima vipande walivyogawiwa kwa maneno tu. Urithi uliosahauliwa nyumbani unaweza kuwa kikwazo sokoni.

Mbolea: mbichi na mbivu

Njia ya tatu ni mbolea. Wakulima wa majani chai walio chini ya shirika la KTDA hutumia mbolea ya NPK 26:5:5, ambayo huagizwa kwa wingi kutoka ng'ambo. Kirutubisho chake kikuu, naitrojeni, hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, na kazi hiyo hutoa kaboni nyingi. Ndiyo sababu mbolea imo katika orodha ya Ulaya.

Ushuru wa mpakani hulipwa na anayeingiza mbolea Ulaya, si anayeiingiza Mombasa. Mbolea inayotengenezwa Ulaya itakuwa ghali zaidi kadiri vibali vya bure vinavyoondolewa, hata ikiuzwa Afrika. Kwa upande mwingine, viwanda vya nchi nyingine vinavyotoa moshi mwingi vinaweza kuikwepa Ulaya na kutafuta wateja kwingine, jambo linaloweza kupunguza bei katika masoko kama la Kenya. Ni mapema mno kusema ni upande upi utakaoshinda.

Lililo wazi ni jinsi bei ya mbolea inavyouma. Mwaka wa 2022, kufuatia vita vya Ukraine, gunia la kilo 50 lilivuka Sh6,000 humu nchini kabla ya serikali kuleta la ruzuku la Sh3,500, na baadaye Sh2,500. Wakulima wa majani chai wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ambao kwa muda mrefu wamelalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, hukatwa gharama ya mbolea kutoka kwa malipo yao.

Kuuza kaboni badala ya kulipia

Bei ya kaboni ina upande wake wa pili. Anayepunguza gesi au kuihifadhi katika miti na udongo anaweza kupewa hati na kuiuza. Soko la Ulaya lilifungulia mlango hati za mataifa maskini katika miaka yake ya mwanzo, chini ya Mkataba wa Kyoto. Miradi ya Kenya kama umeme wa mabaki ya miwa huko Mumias na mvuke wa Olkaria iliandikishwa wakati huo.

Mlango huo haukukaa wazi. Hati zilizouzwa kwa zaidi ya Euro 20 mwaka wa 2008 zilishuka chini ya Euro moja miaka minne au mitano baadaye. Kuanzia 2013, Ulaya ilikubali miradi mipya kutoka kwa mataifa maskini zaidi pekee. Uganda, Tanzania na Rwanda zimo katika kundi hilo, lakini Kenya haimo. Tangu 2021 hakuna hati yoyote ya nje inayokubaliwa katika soko la vibali. Makubaliano ya Desemba 2025 kuhusu lengo la mwaka wa 2040 yanaruhusu hati za kimataifa kwa kiwango kidogo, na kwa ukamilifu ni kuanzia 2036.

Kwa hiyo hati nyingi zinazotolewa Kenya leo, za meko bora na za upanzi wa miti, huuzwa kwa kampuni zinazonunua kwa hiari. Mfano wa karibu ni mradi wa kilimo wa shirika la Vi Agroforestry katika sehemu za Kisumu na Bungoma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mnamo Januari 2014 ulipata hati za kaboni iliyohifadhiwa udongoni na maelfu ya wakulima wadogo. Fedha za kaboni kwa kila mkulima zilikuwa kidogo, na faida kubwa ilikuwa mavuno yaliyoongezeka kutokana na mboji, matandazo na miti shambani.

Sheria ya Kenya ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa Septemba 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka wa 2024. Kwa miradi ya ardhi, jamii inastahili angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kwa miradi mingine asilimia 25. Lakini kinga hiyo ya mikataba ya jamii iliwekwa kwa ajili ya ardhi ya umma na ya jamii. Kisii na Nyamira, karibu kila kipande ni cha mtu binafsi. Mkulima anayefuatwa nyumbani na mnunuzi wa kaboni hutegemea maneno yaliyomo katika mkataba wake mwenyewe.

Ni bora maswali machache yaulizwe kabla ya kutia sahihi. Mkataba ni wa miaka mingapi? Iwapo mikaratusi itakatwa kwa ajili ya kuni za kiwanda cha majani chai au karo ya shule, nani atalipa? Asilimia ngapi ya bei ya mauzo itamfikia mwenye shamba, na je, ataonyeshwa bei hiyo? Shamba likigawiwa wana, mkataba utawafunga?

Fedha zinabaki wapi

Mjadala mkubwa kuhusu ushuru wa mpakani ni kuhusu mapato. Tume ya Ulaya imependekeza asilimia 75 ya fedha hizo ziingie katika bajeti ya muungano. Hakuna mfuko maalumu uliotengewa mataifa yanayouza bidhaa hizo. Ahadi za msaada zilizomo katika sheria zinayataja mataifa maskini zaidi, na kwa mara nyingine Kenya haimo katika kundi hilo. Hali hiyo imezua malalamishi kwamba bara linalotoa takriban asilimia 4 pekee ya gesi chafu duniani linaombwa kuchangia gharama ya kusafisha viwanda vya wengine.

Katika kongamano la Nairobi la Septemba 2023, viongozi wa Afrika walitoa azimio la kutaka kuwe na kodi ya kaboni ya dunia nzima, itakayotozwa biashara ya mafuta, usafiri wa baharini na wa angani, ili mapato yagawanywe. Mpango wa kutoza meli zote duniani uliidhinishwa kwa awamu ya kwanza London mnamo Aprili 2025, lakini uamuzi wa mwisho uliahirishwa kwa mwaka mmoja Oktoba 2025 kwa kura 57 dhidi ya 49. Hadi mpango kama huo utakapopitishwa, ada za kaboni za meli zitokanazo na soko la vibali la Ulaya zitaendelea kuingia katika hazina za huko huko.

Kenya yenyewe haijaanzisha kodi ya kaboni. Jaribio la mwaka wa 2024 la kutoza ada ya mazingira, ambayo ililenga bidhaa kama vifaa vya kielektroniki na plastiki, lilikufa pamoja na Mswada wa Fedha uliotupiliwa mbali Juni mwaka huo baada ya maandamano ya vijana. Serikali itakayotaka kuibakisha nchini fedha ya kaboni ambayo sasa inalipwa kwingine italazimika kwanza kuwaeleza wananchi fedha hiyo itatumiwaje.

Wakati hayo yakisubiriwa, yako mambo ambayo yanaweza kufanywa Gusii bila kungoja Brussels wala Nairobi. Vyama vya kahawa vinaweza kuyaandikisha mashamba ya wanachama na kuihifadhi orodha hiyo kama mali ya chama, ili isiwe ya mnunuzi mmoja. Familia zinaweza kukamilisha kesi za urithi. Vikundi vya maparachichi vinaweza kudai kuonyeshwa makato ya nauli. Viwanda vya majani chai vinavyokausha kwa kuni vinaweza kupunguza kuni hizo, kwani kila mzigo usiochomwa ni gharama isiyokatwa kutoka kwa bonasi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huko Ulaya, ada ya kaboni kwa kontena moja ni tarakimu ndogo katika hesabu za kampuni ya meli. Huku Kisii na Nyamira, ambako familia nzima hutegemea kipande cha ardhi kisichofika ekari mbili, uzito wake utajulikana siku ya malipo.